Nanga haishiki, nanga haing'oki: pa kutafuta kosa kwenye boti ndogo

Umetia nanga mara tatu, na mara zote tatu boti inarudi nyuma polepole kana kwamba huko chini hakuna kitu. Au ni asubuhi, unataka kuondoka, na nanga imeng'ang'ania kiasi kwamba kila ukivuta, omo (mbele ya boti) inainamia maji. Ukiyatazama haraka, haya ni matatizo mawili yaliyo kinyume. Yote mawili, hata hivyo, mimi huyaanza kwa swali lile lile: kamba inaivuta nanga kwa pembe gani?

Nanga ya kilo 7 au 10 haina uzito wa kuizuia boti ndani ya upepo. Inashika kwa sababu makucha yake yanajichimbia, nayo hujichimbia pale tu mvuto unapokuja umelala, karibu sambamba na mchanga. Mvuto ukiinuka, shina la nanga linainuka nao, na makucha yanachomoka. Ndiyo maana kamba ndefu huishikisha nanga, na kamba iliyosimama wima huing'oa. Ukilishika jambo hilo, nusu ya kazi ya kutafuta kosa umeshaimaliza.

Nanga inafika chini lakini haishiki

Anza na urefu wa kamba, kwa sababu hapo ndipo makosa mengi yalipo. Kipimo kinachotumika sana ni mara 7 ya kina kama una kamba yenye kipande cha mnyororo, na mara 5 kama una mnyororo mtupu. Mara 3 inatosha kwa kituo kifupi, maji yakiwa shwari na mtu yuko macho. Kamba ikikazwa sawasawa kwa mara 7, inainuka digrii 8 tu kutoka chini. Kwa mara 5 ni karibu digrii 12, na kwa mara 3 ni karibu digrii 20. Mnyororo husaidia kwa sababu uzito wake unalaza sehemu ya mwisho, lakini upepo mkali ukikaza kila kitu, msaada huo hupungua sana.

Kina kinachohesabiwa hapa ni kuanzia chini hadi pale kamba inapotokea kwenye boti. Maji yakiwa mita 3 na omo ikiwa mita 1 juu ya maji, hesabu yako ni mita 4. Kwenye maji mafupi mita hiyo moja ni robo nzima ya hesabu, na watu huisahau. Angalia pia kipima kina chako kinahesabu kuanzia wapi: vingi husoma kutoka kwenye kihisi kilicho chini ya boti, si kutoka usoni pa maji.

Kama urefu unatosha, uliza nanga ilishushwaje. Neno "kutupa nanga" limetuharibia kazi. Ukiirusha mbali pamoja na rundo la kamba, mnyororo unaiangukia juu, unajisokota kwenye makucha, na kila unapovuta unaivuta nanga kwa mgongo. Elekeza omo upepo unakotoka, au mkondo unakotoka kama una nguvu kuliko upepo. Simamisha boti mpaka iache kusonga mbele. Ishushe nanga mkono kwa mkono mpaka usikie kamba imekuwa nyepesi ghafla: hapo imegusa chini. Iache boti irudi nyuma yenyewe huku ukiachia kamba kwa kipimo cha mwendo wake. Ikifika theluthi ya urefu unaoutaka, ishike kidogo ili nanga ijielekeze, kisha endelea. Kamba yote ikishatoka, ifunge omoni, tia rivasi kwa mwendo mdogo kabisa, ngoja, halafu ongeza kidogo kidogo. Haraka ya kutia rivasi ndiyo inayoikokota nanga kabla makucha hayajapata nafasi ya kuingia.

Hapo weka kiganja juu ya kamba, mbele ya mahali ulipoifunga. Nanga iliyoshika hutoa mvuto mmoja mzito unaokaza na kulegea taratibu pamoja na wimbi. Nanga inayokokota hutetemesha kamba: mtetemo wa haraka haraka, kama gurudumu linalopita kwenye kokoto, kisha kimya kifupi, kisha mtetemo tena. Ukiusikia mara moja hutausahau. Mtu wa omoni akisema "Nahodha, inatetemeka," usibishane naye kwa kutazama ufuko.

Kosa la tatu ni kamba yenyewe. Kamba za polipropilini, zile nyepesi zinazoelea, zinauzwa rahisi na zina rangi nzuri, lakini hazifai kazi hii. Zinaelea, kwa hiyo zinaiinua nanga badala ya kuilaza, na zikilegea zinakaa usoni pa maji zikisubiri propela ya mtu. Nailoni inazama na inanyumbuka, na mnyumbuko huo ndio unaomeza mshtuko wa mawimbi. Kati ya nanga na kamba pawe na mnyororo, angalau urefu wa boti yako. Boti nyingi ndogo nilizozikagua zina mita moja tu au hazina kabisa, na mwenye boti analalamika kwamba nanga ni mbovu.

Baada ya hayo ndipo uhame kwenye swali la chini kuna nini. Mabaharia wa zamani walipaka shahamu kwenye tundu la chini ya bildi, chubwi ya kupimia kina, ili kuona kinachonata, na mbinu hiyo bado inafanya kazi kwa chubwi yoyote nzito na sabuni kidogo. Usipokuwa nayo, isome nanga yenyewe inapopanda. Ikija na ncha zimeng'aa na mikwaruzo mipya, umegonga mwamba au changarawe ngumu. Ikija na fungu la majani ya bahari limejaa kwenye makucha, haikuwahi kugusa ardhi. Ilikuwa inateleza juu ya zulia, na hutapata dawa ila kutafuta doa la mchanga, ambalo kwenye maji safi huonekana kama bato jeupe. Ikija na tope laini lililopaka mpaka juu ya shina, ilikuwa inaingia lakini tope halikuwa na nguvu ya kuizuia. Hapo ongeza kamba, iache nanga izame dakika 10 au zaidi kabla ya kuijaribu kwa injini, au tafuta nanga yenye makucha mapana zaidi.

Aina ya nanga ina maana yake. Nanga ya makucha bapa yanayokunjuka, ile ya Danforth iliyotoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1930, inashika vizuri ajabu kwenye mchanga na tope kwa uzito mdogo, lakini haipendi majani wala mawe. Ile ya umbo la jembe, CQR, aliyoibuni mwanafizikia Mwingereza Geoffrey Taylor mwaka 1933, inavumilia kugeuka kwa upepo kuliko ya bapa. Nanga ya kulabu nne inafaa kwenye miamba tu. Kwenye mchanga inalima mitaro minne na kuendelea na safari. Kwenye matumbawe usitie nanga yoyote. Inavunja kilichochukua miaka mingi kukua, na mara nyingi ndiyo nanga hiyo hiyo itakayokataa kung'oka.

Ilishika vizuri, kisha usiku ikaachia

Hapa nina kisa changu. Tulitia nanga wakati wa maji kupwa, kina mita 3, omo mita 1. Nikaachia mita 20 za kamba, yaani mara 5, nikaijaribu kwa rivasi, ikasimama imara. Sikupiga hesabu ya maji kujaa. Usiku ule yalipanda mita 3, kwa hiyo kutoka chini hadi omoni sasa palikuwa mita 7, na mita zangu 20 zikawa hazifiki hata mara 3. Niliamshwa na sauti ya mawimbi yakipiga ubavuni, ilhali jioni yalikuwa yakipiga omoni. Boti ilikuwa imekaa ubavu kwa upepo, na hiyo ni dalili ya hakika: boti iliyoshikwa na nanga huelekeza omo upepo unakotoka, na inayokokota hujigeuza ubavu. Kwa kina kile nilihitaji mita 35 nipate mara 5, au 49 nipate mara 7. Tangu siku hiyo nahesabu kwa maji yatakapojaa, kamwe si kwa maji ninayoyaona, na siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, nahesabu mara mbili.

Sababu ya pili ni upepo kuongezeka. Nguvu ya upepo juu ya boti hukua kwa mraba wa kasi yake: upepo ukitoka kilomita 20 kwa saa hadi 40, boti inavutwa kwa nguvu mara 4, ukifika 60, ni mara 9. Nanga iliyokuwa na ziada kubwa jioni inaweza isiwe na ziada yoyote usiku wa manane.

Ya tatu ni mkondo au upepo kugeuka. Nanga inageuzwa, inachomoka, halafu inatakiwa ijichimbie upya yenyewe. Ile ya makucha bapa ina udhaifu hapa: kokoto moja au gamba la chaza likikwama kati ya shina na makucha, hayakunjuki tena, na nanga inakokotwa kama kipande cha bati. Ukitegemea maji yatageuka usiku, usilale wote.

Kabla giza halijaingia, chagua vitu viwili nchi kavu vilivyo kwenye mstari mmoja ubavuni mwako, mti mbele ya paa la nyumba kwa mfano. Vikiachana na visirudi, unahama. Kengele ya GPS kwenye simu inasaidia, ila ipe nafasi ya boti kuzunguka nanga yake, la sivyo itakuamsha bure mpaka uizime.

Ikianza kukokota na nyuma yako pana nafasi, jambo la kwanza ni kuongeza kamba, taratibu, ukiikaza kila baada ya mita chache. Mara nyingi inashika tena. Kama nafasi hakuna, washa injini kwanza, kisha ing'oe na uanze upya. Kuwasha injini wakati boti imeshakaribia mawe ni kuchelewa.

Nanga haishuki, au inashuka kwa fujo

Ikining'inia omoni bila kudondoka, tazama roda, kigurudumu cha omoni kinachopitisha kamba: imeganda kwa chumvi, au nanga haina uzito mbele ya mhimili wake na inahitaji kusukumwa. Mnyororo ukikwama ndani ya sanduku lake, kwa kawaida umejijenga kichuguu ulipokuwa ukiingia, kisha kichuguu kikaanguka na kufunika mikunjo ya chini. Utawanye kwa mkono unapouingiza. Kamba isipangwe kwa mizunguko mizuri ya duara; imwage tu ndani ya ndoo au sanduku jinsi inavyokuja, nayo itatoka bila fundo.

Fujo ni hatari zaidi. Mnyororo ukianza kukimbia hauzuiliwi kwa mkono wala kwa mguu. Simama nyuma yake, pasiwe na mzunguko wa kamba karibu na vifundo vya miguu yako, na watoto wakae tezi, yaani nyuma ya boti. Ncha ya mwisho ya amari (kamba au mnyororo wa nanga) lazima iwe imefungwa kwenye boti, na ifungwe kwa kamba fupi inayofikika kwa kisu. Ukiifunga kwa kiungo cha chuma, siku utakapolazimika kuiacha nanga ili uokoe boti, utakuwa unatafuta spana gizani.

Winchi ya umeme imegoma

Kama haitoi sauti yoyote, angalia breka ya umeme kwanza, ile inayokata umeme ukizidi, kisha swichi ya mguu, ambayo hukaa pabaya kuliko vyote, juani na kwenye maji ya chumvi. Ikilia "tak" bila kuzunguka, umeme unafika lakini hautoshi. Winchi ya wati 1000 kwenye betri ya volti 12 inavuta zaidi ya ampea 80, na kwa mkondo mkubwa hivyo, ukungu kidogo wa kijani kwenye kiungio cha waya unatosha kuila nguvu yote. Pima volti kwenye winchi yenyewe wakati mtu amebonyeza swichi. Kipimo cha betri iliyopumzika hakikuambii kitu. Ukikuta betri ina 12.5 na winchini inafika 10, tatizo liko njiani: viungio, waya mwembamba, au waya wa hasi uliosahauliwa.

Ikizunguka huku mnyororo ukiruka meno, ama klachi imelegea, ama mnyororo si wa kipimo cha gurudumu lile. Minyororo miwili ya milimita 8 inaweza kutofautiana urefu wa pete zake, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuufanya uruke. Mnyororo uliojisokota nao huruka. Ushushe wote mahali penye kina ujifungue.

Breka ikikata kila wakati, mara nyingi mwenye makosa ni nahodha. Winchi imetengenezwa kuinua mnyororo na nanga. Kuivuta boti nzima dhidi ya upepo ni kazi ya injini: sogea mbele taratibu, mnyororo ulegee, winchi ikusanye, kisha sogea tena.

Nanga haing'oki

Hapa ndipo watu wanapopoteza maisha, kwa hiyo nitakaa.

Tarehe 28 Februari 2009, wanaume wanne, baadhi yao wachezaji wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, walikuwa wakivua kwenye Ghuba ya Meksiko, mbali na pwani ya Florida, kwa boti ya futi 21. Nanga ilikwama. Wakaifunga kamba yake tezi na kuongeza mwendo wa injini kwenda mbele ili kuichomoa. Tezi ilivutwa chini, maji yakaingia, boti ikapinduka. Watatu walifariki, mmoja aliokolewa siku mbili baadaye akiwa ameshikilia boti iliyopinduka. Kosa lilikuwa mahali kamba ilipofungwa.

Tezi ya boti ndogo iko chini, ni bapa, na imebeba uzito wa injini. Ukiivuta kwa nanga iliyokwama, injini inaisukuma boti mbele na kamba inaivuta tezi chini, na wimbi moja linatosha kuijaza. Kwa hiyo, iwe unatia nanga au unaing'oa, kamba ya nanga ibaki omoni. Na kisu kiwe karibu. Nanga inanunulika.

Sasa taratibu yenyewe. Sogea mpaka kamba isimame wima, uikaze wakati omo iko chini kwenye bonde la wimbi, uifunge, kisha subiri. Wimbi linalofuata litainua omo, na boti yote itakuwa inavuta. Kwenye tope zito huenda ikachukua dakika kadhaa kabla ya kusikia kitu kikiachia kidogo kidogo. Kaa hapo hapo ukitazama. Maji yakiwa yanajaa, omo itaendelea kuvutwa chini, na ikizidi ulegeze. Watu wote wengine wasogee nyuma kidogo kusawazisha boti.

Isipotoka baada ya hapo, huenda si tope tena, ni jiwe au ufa, na kuongeza nguvu upande ule ule ni kuikaza zaidi. Iliingia kutoka upande mmoja. Itatoka kwa upande wa pili. Achia kamba kiasi cha mara 3 au 4 ya kina, zunguka kwa duara pana huku mtu akiiangalia kamba isiende kwenye propela, ufike upande ulio kinyume na ulipokuwa umelala usiku. Geuza omo iitazame nanga, kisha vuta kwa rivasi, mwendo mdogo. Ikikataa, jaribu pembe ya kati, kushoto na kulia. Kama kuna mawimbi yanayoweza kupanda tezi, usifanye hivi. Funga boya kwenye kamba, iache, urudi siku ya shwari.

Kwenye maji safi na mafupi, mzamiaji mwenye miwani anaweza kukuonyesha katika dakika mbili kile ulichohangaika nacho saa nzima. Injini izimwe kabisa kabla hajaingia majini.

Ukijua mapema kwamba chini ni mawe, funga kamba nyembamba kwenye pete ya mgongoni mwa nanga, ndefu kidogo kuliko kina cha maji yakijaa, na boya juu. Ikikwama, unaivuta kwa mgongo, inatoka kinyumenyume. Wavuvi wengi wana njia nyingine: mnyororo unafungwa mgongoni, kisha unalazwa kando ya shina na kufungwa kwenye pete ya mbele kwa uzi dhaifu. Ukivuta wima kwa nguvu, uzi unakatika na mvuto unahamia mgongoni. Ni nzuri kwa uvuvi wa mchana. Kulala nayo sishauri, maana upepo ukigeuka uzi unaweza kukatika wenyewe.

Nanga ikipanda nzito kuliko kawaida na kuna boti nyingine jirani, tegemea kukuta mnyororo wao juu ya makucha yako. Pitisha kamba chini ya mnyororo wao, ifunge kwenye boti ibebe uzito, shusha nanga yako kidogo ijitoe, kisha achia ncha moja ya kamba. Mwambie jirani kabla, na umsaidie kuikaza nanga yake upya. Ukikuta ni waya mkubwa wa umeme au wa mawasiliano, usiukate wala usiuinue. Kata kamba yako, andika mahali ulipo, toa taarifa kwa mamlaka ya bandari.

Kamba imepanda tupu

Kamba hukatikia pabovu, na ncha yake itakuonyesha pabovu palikuwa wapi. Nyuzi zikiwa zimechanua kama ufagio na zina mchanga ndani, ilisuguliwa na mwamba: mnyororo wako ni mfupi. Ikiwa imekwaruzika mita chache kutoka upande wa boti, ni roda au kingo za omo, na kipande cha mpira wa bomba kilichovishwa hapo kingeizuia. Ikiwa kiungo cha chuma kipo lakini pini haipo, hakuna kilichokatika. Pini ilijifungua yenyewe kwa kutikiswa usiku baada ya usiku. Kila pini ifungwe kwa waya uliopita tunduni na kuzungushwa kwenye kiungo, na waya huo ukaguliwe kila msimu, kwa sababu nao huliwa na kutu.

Ikiwa ulihifadhi alama ya GPS wakati nanga ilipogusa chini, na chini ni mchanga au tope, una nafasi nzuri ya kuipata. Rudi maji yakiwa yamepwa na mkondo umelala, shusha kulabu ndogo ya nanga kwa kamba, uikokote polepole kwa mistari iliyo sambamba, ukikata njia pale mnyororo ulipolala, kutoka kwenye alama kuelekea upande boti ilipokuwa. Mnyororo ni mrefu na rahisi kunaswa kuliko nanga yenyewe. Kulabu ikishika, vuta kutoka omoni.